Walinilipa shilingi ngapi? Nawajibu kuhusu halmashauri ya Uingereza

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo, mambo. Mkisikia ngurumo huko nyuma siyo maiki mbovu, ni malori ya Tunduma. Niko Uyole, Mbeya, kwa mama, likizo ya wiki 3, na blanketi mnaloliona siyo la maigizo. Miaka 14 nimekaa Uingereza, baridi ya hapa bado inanishinda.

Video hii sikuipanga. Ila tangu niweke ile picha ya mwanangu nje ya kituo chake, swali ni lile lile kila nikifungua simu. Jana limenifuata mpaka sokoni Mwanjelwa. Dada anayeniuzia mchele kafika kilo ya tatu, akasimama na kopo mkononi: "Dada, eti uliishtaki halmashauri ya Wazungu. Walikulipa ngapi?"

Hawakunilipa. Hata senti. Na siyo kwamba naficha ili msiniombe.

Kabla hamjaanza: sijisifu. Na silalamiki pia, maana nikisema jambo la kule ni gumu, naambiwa "si urudi". Nikisema lilikwenda vizuri, naambiwa nimesahau nilikotoka. Nichagueni lugha basi, niwe naongea hiyo.

Mwanangu ana miaka 23, ana mtindio wa ubongo, anatumia kiti cha magurudumu. Akili yake nzima kabisa, anawasoma mnavyoandika. Siku 3 kwa wiki anakwenda kituo cha mchana, na siku hizo 3 ndizo mimi nakwenda kazini. Nahudumia wazee. Wale mnaosema "anaosha vikongwe tu huko", mmepatia, naosha, na hili bati juu yangu limetoka humo.

Sasa halmashauri yetu, jina silitaji, madiwani wakapiga kura kituo kifungwe. Sababu: kubana matumizi. Najua wengi mnaamini kule hela haiishi. Inaisha.

Kule kuna Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Kifungu cha 149 kinaitaka taasisi ya umma, inapofanya uamuzi, izingatie ipasavyo utawagusa vipi watu wenye ulemavu, wazee, wajawazito, watu wa rangi na dini mbalimbali na wengineo. Sikilizeni neno lenyewe: izingatie. Kifungu hakisemi usifunge kituo. Kinasema fikiri kwanza, tena ufikiri kweli. Hata kabla ya sheria hiyo, mwaka 2008, majaji walishasema kuhusu wajibu wa aina hii kwamba lazima utimizwe kabla ya uamuzi na wakati wa kuamua, kwa dhati, siyo kutia alama ya vema kwenye visanduku.

Nikaiomba fomu yao ya tathmini, ile wanayoandika uamuzi utawagusa vipi watu hao, kwa sheria ya haki ya kupata taarifa. Wana siku 20 za kazi kujibu. Ikaja siku ya 19. Kurasa 4, na jedwali ukurasa wa pili. Nikashuka na kidole: umri, jinsia, dini... nikafika "ulemavu". Mbele yake wameandika: hakuna athari kubwa inayotarajiwa. Kituo cha watu wenye ulemavu! Nikasoma tena nikidhani Kiingereza kimenipiga chenga. Kisha nikaangalia chini kwenye tarehe. Fomu imejazwa siku 6 baada ya kura.

Hapo ndipo nilipotafuta wakili, na mbio zilikuwa mbio. Ukitaka Mahakama Kuu ya kule iupitie uamuzi wa namna hiyo, unatakiwa kuwahi, na kikomo ni miezi 3. Mimi nimeshakula karibu mwezi nasubiri fomu.

Hela sasa, najua ndiyo mnayoingojea. Ukishindwa mahakamani unaweza kubebeshwa gharama za upande wa pili, na mshahara wangu hauwezi kumbeba wakili hata mmoja, sembuse wangu na wa kwao. Ila mdai hakuwa mimi, alikuwa mwanangu, mtu mzima asiye na kipato cha maana. Kwa hiyo akaombewa msaada wa kisheria wa serikali kwa hali yake yeye. Wakataka taarifa zake za benki za miezi 3. Kumbe mwezi mmoja kadi yangu ilifungwa, nikatuma hela nyumbani kupitia akaunti yake: pauni 40, maelezo, "mbolea". Nimeandika barua nzima kumweleza karani kwamba mlemavu huyu hana shamba, mbolea ni ya viazi vya bibi yake Mbeya. Akajibu anaomba risiti. Risiti ya mbolea! Na hiyo mbolea yenyewe kaka yangu anajua ilikoishia, leo sisemi, yuko sebuleni.

Wakili akaandika barua ile inayotangulia kesi, inayowapa kwa kawaida siku 14 za kujibu. Siku ya 13 wakajibu: uamuzi umeondolewa, tutaanza upya, tutasikiliza watumiaji. Jaji sijamwona hata koti lake. Kwa hiyo anayeandika "ulishinda kesi", kesi haikuwepo. Wanaweza kusikiliza, wakajaza fomu vizuri safari hii, kisha wakafunga kihalali kabisa. Ndivyo sheria ilivyo.

Kilichoniuma siyo halmashauri. Ni Watanzania wenzetu pale mjini. Nilipita kuomba watu waandike tu kwamba wanakijua kituo, mzee mmoja akaniambia, "Mama, utatuharibia viza." Barua ilipojibiwa, kwenye ile picha ya nje ya kituo, aliyesimama katikati na tai ni nani? Haya, tuache.

Wengine mmeuliza kama huku Tanzania inawezekana. Mimi siyo mwanasheria, naongea yaliyonikuta mimi, na ya kwako yanaweza kwenda kivingine kabisa. Ninachokijua ni kwamba sisi pia tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu, na yenyewe ni ya mwaka 2010. Na Ibara ya 13 ya Katiba inazungumzia usawa mbele ya sheria. Lakini njia za mahakamani ni tofauti. Ukitaka kuifungulia serikali kesi ya madai huku kuna notisi ya siku 90, basi mtafute wakili wa huku au watoa msaada wa kisheria. Msichukue barua yangu mkabadilisha majina, kuna mtu kaniomba "nitumie hiyo sampo". Sina sampo.

Mwanangu kaniandikia asubuhi. Dodoso la halmashauri limefika nyumbani, kurasa 11, na mwisho wa kulirudisha ni Ijumaa ile ile ninayotua. Ameshaanza kulijaza mwenyewe kwa kidole kimoja, yuko swali la 4. Mama ananiita, mbalaga ya ndizi imeiva. Ndaga fijo, asanteni sana.