Dionysius Thrax na Kikombe cha Nestor

Shikamooni wazee wangu. Wanafunzi, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie Dionysius Thrax, mwanasarufi wa Kigiriki, na naona kwa kusikia tu neno sarufi wengine mmeshaanza kupiga miayo. Basi nianze na kikombe.

Dionysius alisomea Alexandria, Misri, kwa Aristarchus, bingwa wa tenzi za Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki. Mnamo mwaka 145 kabla ya Kristo Mfalme Ptolemy wa Nane aliwatimua wasomi mjini, na Dionysius akaja kufundisha kisiwani Rhodes. Huko, yasimuliwa, wanafunzi wake walichanga fedha (fedha yenyewe, madini) ili mwalimu aunde kikombe cha mzee Nestor, mfalme katika utenzi wa Homer uitwao *Iliadi*, kama kilivyo humo: vishikio vinne, na kila kishikio kimezungukwa na njiwa wawili wa dhahabu wakidonoa. Mistari yenyewe haizidi mitano. Ichoreni sasa! Vishikio vinne vinakaaje? Njiwa wameelekeza vichwa wapi? Aliyesoma juujuu hawezi kumwelekeza sonara.

Hiyo ndiyo sarufi aliyoijua. Kijitabu chenye jina lake, *Tekhne Grammatike*, yaani Sanaa ya Sarufi, kinafungua kwa kusema kuwa sarufi ni ujuzi wa yale ambayo washairi na waandishi husema kwa kawaida. Kinaipa kazi sita: ya kwanza kusoma kwa sauti, ya mwisho kuhukumu mashairi, nayo ndiyo bora kuliko zote. Sisi tuliibeba orodha ya aina za maneno, shairi tukaliacha njiani.

Orodha hiyo iko mbele kidogo, katika kurasa ambazo wataalamu bado wanabishana kama ni za mkono wake. Aina nane za maneno. Mliokariri nomino, kiwakilishi, kivumishi, kitenzi na wenzao, hesabuni: nane! Ila si zilezile. Kwake kivumishi kilikaa ndani ya nomino, na kihisishi kilitengwa baadaye na Warumi.

Na mfano wa kutenda na kutendwa? *Typto, typtomai*: napiga, napigwa. Miaka elfu mbili, na ubaoni kwetu bado watu wanapigwa.

Naona mkono umeinuliwa kule nyuma. Ngeli? Kijitabu kina jinsia tatu: ya kiume, ya kike, na isiyo hii wala ile. Haya, niambie wewe: kiti na viti angevitia wapi?