Mota Haijafa, Inakosa Pumzi

Assalaam alaykum. Masheikh wangu, na nyinyi vijana mnaohudumia misikiti yetu hapa Tanga, karibuni. Ramadhani imekaribia, na mashine za kufyonza vumbi zimeanza kumiminika kibandani kwangu Ngamiani. Kila anayeileta husema neno lile lile: fundi, mota imeungua.

Shaaban iliyopita nililetewa moja, wenyewe wameshaanza kuchanga wanunue mpya. Nikaiwasha. Inalia kwa sauti nyembamba, kali, lakini hata karatasi haivuti. Mlio ule ndio ulionipa jawabu. Feni ikikosa hewa ya kusukuma huwa nyepesi, mota ikazidi mbio, sauti ikapanda. Nikachomoa plagi, nikatoa ule mpira, nikatumbukiza shilingi mia. Haikutoka upande wa pili. Kwenye kiwiko kulikuwa na mswaki wa mti umekingama, na nyuzi za zulia zimejisokota juu yake kama kiota cha ndege. Nikauvuta kwa waya, mashine ikafyonza. Michango ya watu ikasalimika.

Ikizimika ghafla katikati ya kazi, msikimbilie kuifungua. Nyingi zina swichi ya joto ndani. Hewa inayofyonzwa ndiyo hiyo hiyo inayoipoza mota. Mfuko ukijaa au filta ikiziba, joto hupanda na swichi hukata. Chomoeni, safisheni, iacheni ipoe kama saa moja. Filta ya sponji hufuliwa kwa maji, ikaanikwa kivulini mpaka ikauke kabisa. Ya karatasi ikung'uteni nje. Msiitie maji, labda iwe imeandikwa kwamba huoshwa.

Jambo linaloniumiza ni majivu ya chetezo. Udi umeisha, majivu yamemwagika, kijana anapitisha mashine. Jamani! Majivu yale ni laini kuliko mchanga wowote, huziba filta mara moja, na kaa moja likiwa hai linatosha kuunguza mfuko. Yazoeni kwa kifagio. Na zulia likilowa kwa miguu ya udhu, lisubirini likauke. Mashine ya vumbi kavu ikinywa maji, umeme unaweza kumpiga aliyeishika.

Mkiona cheche nyingi kwenye matundu ya mota, mara nyingi kaboni zimeisha, vile vipande viwili vinavyopitisha umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Hubadilishwa zote mbili pamoja.

Hii hapa mbele yangu ni ya msikiti wa jirani. Plagi mnaiona, iko mkononi mwangu. Nani ana bisibisi ya nyota?