Dunia Isiyoshikiliwa na Kitu: Wanafalsafa wa Mileto na Asili ya Ulimwengu

Mabibi na mabwana,

Mji wa Mileto, ambao magofu yake yako magharibi mwa Uturuki ya leo, ulikuwa bandari tajiri ya Wagiriki katika karne ya 6 kabla ya Kristo, na humo walifuatana wanafikra watatu waliouliza ulimwengu umetokana na nini. Kabla yao mshairi Hesiod alikwisha kulijibu swali hilo kwa nasaba: kwanza ilikuwako Kaos, yaani uwazi mtupu, kisha Dunia, na Dunia akamzaa Mbingu. Nasaba hutuambia nani alimzaa nani, lakini haitoi hoja ambayo msikilizaji anaweza kuipinga.

Wa kwanza wa watatu hao, Thales, alisema asili ya vyote ni maji, na kwamba dunia inaelea juu yake. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle, aliyeandika zaidi ya miaka 200 baadaye, anakisia kuwa Thales aliona chakula na mbegu za viumbe vyote vina unyevu. Lakini kwingineko anauliza swali ambalo hata mtoto angeuliza, yaani hayo maji nayo yamekaa juu ya nini.

Anayestahili kusikilizwa zaidi, kwa maoni yangu, ni Anaximander. Yeye alisema dunia haikai juu ya kitu chochote: imetulia katikati kwa kuwa umbali wake na pande zote ni sawa, hivyo haina sababu ya kuelekea upande huu kuliko ule. Aliifikiria kuwa na umbo la kipande cha nguzo ya mviringo, kimo chake theluthi ya upana wake, nasi tukiishi juu ya uso wake mmoja. Chanzo cha vyote alikiita apeironi, kisicho na mpaka, ambamo joto na baridi vilitengana. Moto ukaizunguka hewa kama gome linavyouzunguka mti, kisha ukapasuka ukawa pete zilizofunikwa na ukungu. Jua tulionalo ni tundu katika pete mojawapo, na tundu hilo likizibika, jua hupatwa. Maelezo hayo si sahihi, lakini hayamhitaji mungu aliyekasirika.

Anaximenes, aliyemfuata, alichagua hewa, ambayo ikikunjuka huwa moto na ikisongamana huwa upepo, wingu, maji, udongo na hatimaye mawe. Ushahidi wake mnaweza kuujaribu hapo mlipoketi: pulizeni kiganja kwa midomo iliyobanwa, pumzi itakuwa baridi, achameni, itakuwa na joto. Hapo alimpita mtangulizi wake, kwa kuwa alionyesha namna kitu kimoja kinavyogeuka kuwa kingine. Ajabu ni kwamba dunia aliirudisha juu ya tegemeo, akaifanya bapa linalobebwa na hewa.

Aristotle aliiona hoja ya Anaximander kuwa ya kijanja lakini isiyo ya kweli. Kwa hoja hiyo, alisema, mtu mwenye njaa na kiu kwa kiwango kilekile, aliyewekwa umbali sawa na chakula na kinywaji, angebaki palepale bila kusogea. Kwake yeye dunia imo katikati kwa sababu udongo kwa tabia yake huelekea huko. Swali la mwanzo wa ulimwengu nalo akalifunga kabisa, akifundisha kwamba haukuwahi kuanza na hautakoma.