Kosa Limo Ndani ya Swali

Ndugu zangu, tuanzie mlangoni. Ni Marekani, kabla ya mwaka 1994. Karani wa takwimu za ajira amepiga hodi, dodoso mkononi. Anataka kujua wiki iliyopita mwenye nyumba alishughulika na nini zaidi. Mfano wa jibu umo ndani ya swali, na karani huchagua wa kusoma kwa kumtazama aliyefungua. Mwanamume huulizwa, “Ulikuwa kazini, au jambo jingine?” Mama mwenye mtoto begani huulizwa, “Ulikuwa ukitunza nyumba, au jambo jingine?” Mama anaitikia ndiyo. Kweli, aliitunza. Ila Jumanne na Alhamisi alishona nguo za watu kwa malipo. Baadaye linakuja swali kama alifanya kazi yoyote mbali na hizo za nyumbani, lakini keshabandikwa jina, naye anaona vishono vyake si vya kutajia serikali. Hakuna aliyedanganya hapo. Mwaka 1994 ndipo swali lilipoandikwa upya.

Watu wakizishuku takwimu hukimbilia kukagua hesabu. Mimi hesabu huwa naikuta safi. Naanza na dodoso.

Au na orodha ya makundi. Uingereza, sensa za katikati ya karne ya 19 ziliwapa wake wa nyumbani nafasi yao miongoni mwa wenye shughuli. Sensa ya 1881 ikawahamishia kwa wasio na kazi. Hakuna sufuria iliyoacha kuoshwa mwaka ule.

Sasa msidhani marekebisho huja bila deni. Mwaka 2013 wanatakwimu wa kazi wa dunia, chini ya Shirika la Kazi Duniani, walikubaliana kwamba kazi isiyolipwa nayo ni kazi. Vizuri sana. Papo hapo wakaibana “ajira” ibaki ya malipo au faida tu, na mwanamke anayelima chakula cha kula nyumbani kwake, aliyekuwa akihesabiwa kuwa na ajira, akatoka nje. Nilirudia kusoma mara mbili.

Na pato la taifa? Kanuni za kimataifa za 1993 zinasema kuchota maji ni uzalishaji. Kupika kwa ajili ya familia siyo. Basi mama anapanda kilima na ndoo, ni mzalishaji; anaitua jikoni, anamimina maji kwenye sufuria, anawasha moto, na hapo vitabu vinafungwa.