Namna ya Kuainisha Stadi za Mwendo Katika Michezo

Karibu, mtazamaji. Katika video hii tutajifunza namna ya kuainisha stadi za mwendo zinazotumika michezoni, kazi ambayo kocha au mwalimu wa michezo hana budi kuifanya kabla ya kupanga zoezi lolote. Andaa karatasi na kalamu, kisha chora mistari minne mirefu iliyolala, mmoja kwa kila hatua kuanzia ya pili hadi ya tano. Tunatumia mistari, wala si visanduku, kwa sababu stadi nyingi hukaa mahali fulani kati ya ncha mbili.

Hatua ya kwanza ni kuchagua stadi moja na kumtaja anayeifanya. Usiandike "mpira wa miguu", maana huo ni mchezo wenye stadi nyingi. Andika "kupiga penalti, mpigaji", na chini yake "kuokoa penalti, mlinda mlango".

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito kuliko zote: chunguza mazingira. Mwaka 1957, E. C. Poulton wa Uingereza, aliyekuwa akichunguza kazi za viwandani, alitofautisha stadi funge, ambazo mazingira yake hutabirika, na stadi wazi, ambazo mazingira yake hubadilika wakati mtendaji yumo kazini. Mwaka 1963 Barbara Knapp aliutumia utaratibu huo michezoni na kuuweka katika mstari kama huu ulio mbele yako. Tazama sasa penalti. Mpira umetulia mita 11 kutoka langoni, lango lina upana uleule wa mita 7.32, na hakuna beki anayeruhusiwa kumsumbua mpigaji. Kwa hiyo mweke karibu na ncha ya stadi funge. Mlinda mlango, ambaye ni lazima asome mguu, nyonga na macho ya mpigaji kabla ya kuruka, mweke upande wa pili kabisa. Tukio ni moja, ila stadi ni mbili zinazotofautiana sana. Tena, mpigaji anayepunguza kasi ili aone kwanza mlinda mlango anaelemea wapi amejisogeza mwenyewe kuelekea stadi wazi, nawe isogeze alama yake.

Linganisha pia mtupo huru wa mpira wa kikapu na ufungaji wa netiboli. Katika mtupo huru mchezaji ana sekunde 5 na hakabwi na mtu, ilhali mfungaji wa netiboli ana sekunde 3, naye mlinzi amesimama umbali wa mita 0.9 akiwa ameinua mikono. Wote wawili hulenga pete, lakini wa netiboli anastahili kuwekwa katikati ya mstari.

Hatua ya tatu, uliza ni nani anayeamua mwanzo na kasi ya mwendo. Mrusha mkuki huanza kukimbia anapokuwa tayari, mradi asipitishe muda aliopewa, lakini mpokeaji wa sevu, yaani mpira wa kuanzishia mchezo, katika voliboli humfuata mpinzani wake. Mbio za kati zinahitaji uangalifu zaidi. Mwaka 1974 huko Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Yeye alijipangia kasi, na waliomfukuza walilazimika kuamua kama waifuate au waache pengo likue.

Hatua ya nne, tafuta mwanzo na mwisho wa tendo. Kurusha mkuki kuna mwanzo na mwisho ulio bayana. Kukimbia ni mzunguko unaojirudia. Na kuruka hatua tatu ni mfuatano, kwa kuwa mwanariadha hutua kwa mguu uleule alioruka nao, akafuatisha hatua ya mguu wa pili, ndipo akaruka kuingia mchangani. Mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji zimechanganya yote haya: mzunguko wa kukimbia hukatizwa na viunzi 28 na maji mara 7.

Hatua ya tano ni fupi: weka alama kulingana na ukubwa wa misuli inayotumika, kuanzia kuvuta kifyatulio katika ulengaji shabaha hadi kuinua vyuma.

Sasa yasome mazoezi kutoka kwenye alama zako. Mpigaji penalti arudie mkwaju uleule mara nyingi hadi uwe thabiti, naye mlinda mlango apewe wapigaji tofauti, wa mguu wa kulia na wa kushoto, ili asizoee mtu mmoja. Kwa mkimbiaji wa viunzi na maji, kitoe kiunzi ndani ya mbio na umfundishe kukiruka peke yake. Akishakimudu, kirudishe akiwa amechoka na amezungukwa na wenzake, kwa sababu katika mashindano hatakiona vizuri hadi amekikaribia.