Mdondo na kazi nyingine za kuku wa uani kwa misimu ya Kusini

Wakubwa zangu shikamooni, na vijana habari za asubuhi. Hapa Masasi leo tutakaa zaidi kwenye mdondo, ambao wengine mnauita kideri, maana ukiingia kwenye mji ambao kuku hawajachanjwa unaweza kufagia banda zima kwa siku chache. Huku Kusini mara nyingi hupamba moto kiangazi kikikolea, miezi ya kuelekea mvua. Unaletwa na virusi, kwa hiyo hauna tiba. Vidonge mnavyosaga na kutia kwenye maji, pilipili, mwarobaini, vyote havimponyi kuku. Akishaharisha kijani, mabawa yakashuka na shingo ikapinda, hata chanjo imechelewa.

Inayotufaa vijijini ni chanjo ya I-2, ile inayostahimili joto, ya tone la jicho. Irudiwe kila baada ya miezi 3. Ifungeni kwenye kazi za shamba msije mkasahau: Juni mnapopuliza salfa kwenye mikorosho, Septemba kabla korosho hazijashika kasi, Desemba wakati wa kupanda, na Machi. Ya Septemba nawasihi msiikose kabisa. Kinga huchukua kama wiki 2 kujengeka. Anayesubiri mpaka kuku wa jirani waanze kufa hana tena nafasi hiyo.

Kustahimili joto si ruhusa ya kuiacha juani. Viringisheni kichupa kwenye kitambaa kibichi, kikae kivulini, na kikifunguliwa kitumike siku hiyohiyo. Chanjeni alfajiri kabla ya kufungulia banda. Mmoja ambane kuku kwapani na kulaza kichwa chake ubavu, jicho moja litazame juu. Mwingine ashike kichupa wima, mdomo chini, aminye tone 1 bila kugusa jicho. Kichupa kikiinama matone hayalingani, wengine wanapata pungufu. Msimwachie upesi: apepese kwanza, tone lizame, la sivyo atatikisa kichwa na dawa itaishia kwenye manyoya. Kifaranga na jogoo kipimo ni kimoja. Mgonjwa asichanjwe, atengwe. Na jamani, ongeeni na majirani mchanje pamoja, kuku wetu hawajui mpaka wa uwanja.

Kuku wa zawadi au wa kununua mnadani akae peke yake siku 14, apate chanjo yake ndipo achanganywe. Aliyekufa azikwe shimo refu au achomwe. Matumbo na manyoya yakitupwa jalalani, mbwa wanayasambaza kijiji kizima.

Mvua zikianza, adui wa vifaranga ni matandiko mabichi. Kuhara damu hushika hasa walio kati ya wiki 3 na 6, kwa sababu vimelea vyake hukomaa kwenye unyevu. Tandazeni maranda au pumba za mpunga unene wa sentimita 5 hivi, na palipolowa pachotwe siku hiyohiyo. Wakianza kunya damu, wapeni dawa ya amprolium kwenye maji kwa kipimo cha kwenye pakiti, na wasipewe maji mengine. Mbu nao huleta ndui. Chanjo yake huchomwa kwa sindano ya meno mawili kwenye utando wa bawa, mahali pasipo na mshipa wala manyoya. Baada ya siku 7 hadi 10 pakague: pasipokuwa na kigaga, chanjo haikushika, rudia.

Utitiri hujificha kwenye nyufa za fito, kwa hiyo kumpaka kuku dawa na kuacha banda ni kazi bure.

Chakula tunacho. Kuku mkubwa anayejitafutia aongezwe jioni gramu 40 hivi za pumba za mahindi zilizochanganywa na mashudu ya ufuta na dagaa waliosagwa. Maganda ya muhogo yanafaa, lakini yaanikwe mpaka yakauke kabisa, hasa ya muhogo mchungu, kwani mabichi yana sumu. Wa pwani mna makombe bure: chomeni, twangeni, mwaweke kwenye kifuu pembeni, na watagaji watadonoa kadiri wanavyohitaji.