Bendi Tatu, Watu 300: Usiku wa Laivu Glasgow

Mambo vipi wanangu wa Dar, na ninyi wa Mwanza, na shangazi zangu wa Tanga ambao najua mnaangalia hizi video mwanzo mwisho na kale kakidole hamkabonyezi!

Sauti imekauka, mnaisikia. Jana usiku tulitoka: mimi, mwenzangu wa kazini ambaye ni Mskoti wa hapahapa, na dada mmoja wa Mombasa anayesomea uuguzi. Tukaenda ukumbi wa King Tut's Wah Wah Hut, hapa Glasgow, mtaa wa St Vincent. Bendi tatu kwa usiku mmoja, zote za indie, yaani roki ya magita ya bendi zinazojitegemea, na wiki iliyopita hakuna hata moja niliyokuwa naijua.

Ukumbi wenyewe ukiuona utasema nimetapeliwa. Wanaingia watu 300 tu, basi. Chini baa, juu jukwaa, na ngazi za kupandia zimeandikwa majina ya bendi zilizopiga pale, kila kidato na mwaka wake. Mimi nimeganda nasoma vidato, watu nyuma wananisukuma.

Lakini acheni nisome, jamani. Tarehe 31 Mei 1993, vijana wa Manchester wanaitwa Oasis walifika hapo hawamo hata kwenye ratiba. Wakaachiwa wapige nyimbo nne mapema, watu wa kuhesabu. Sasa ndani ya hao watu alikuwemo Alan McGee, mwenye lebo ya kurekodi muziki ya Creation, amekuja kuangalia bendi nyingine kabisa. Akawaambia usiku uleule kwamba anawataka kwenye lebo yake. Agosti 1996 haohao wanapiga uwanja wa wazi wa Knebworth, England, siku mbili, watu 125,000 kila siku!

Ndiyo maana huyu Mskoti hakubali kabisa tuchelewe bendi ya ufunguzi. Sisi tumezoea Msondo au Sikinde, ukifika saa tano usiku ndiyo kwanza gita zinakolea. Huku saa tano watu wanafagia.

Bendi ya kwanza wasichana wanne, gita mbili, besi na drams. Wimbo dakika tatu, umekwisha. Mimi nasubiri chemko, nasubiri pale solo linapoanza kulia watu waingie kati... wapi! Wanashukuru, wanaanza mwingine. Ila yule wa besi, sikilizeni, yule dada angepiga Kinondoni tungemtunza mpaka noti zimgande kwenye jasho la uso. Ya pili sitaisema sana. Makelele mengi, mwimbaji haonekani kwa nywele.

Na watazamaji sasa! Bendi ya kwanza watu wamekunja mikono, wanatikisa vichwa tu. Dada wa Mombasa akaniuliza, "Hawa wamefiwa?" Kumbe ndivyo wanavyosikiliza. Ilipopanda ya tatu, ukumbi mzima ukaanza kupiga kelele ule wito wao wa Glasgow, "here we, here we, here we..." na linalofuata ni tusi, nalikata, mama anaangalia. Hapo hakuna mikono iliyokunjwa tena. Bia zinaruka, Mskoti wangu mpole wa ofisini yuko hewani anabebwa na watu.

Kitu kilichonigusa ni baada ya hapo. Yule dada wa besi, aliyetupagawisha, yuko mlangoni nyuma ya kimeza anauza fulana mwenyewe. Hana meneja, hana kijana wa kubeba spika. Akaniambia fulana ndizo zinazojaza mafuta kwenye gari lao, maana bendi ya ufunguzi getini haipati kitu cha maana. Na kumbi zenyewe zinaisha: mwaka 2023 peke yake, Uingereza yote, kumbi ndogo 125 ziliacha muziki wa laivu. Gharama zimepanda, majirani wanalalamika kelele. Sasa Oasis wa kesho wataachiwa wapi nyimbo zao nne?

Nikanunua fulana. Hii hapa, nageuka muione mgongoni. Hapana, bei sisemi, kuna watu huko nyumbani niliwaambia mwezi huu nimebana.

Jumamosi ijayo tunaenda Barrowland, ukumbi mwingine wa hapahapa Glasgow, kule wanaingia kama 1,900 na sakafu nasikia inadunda watu wakiruka. Nitawarekodia. Shangazi, kakidole!